Mtu na Mutu, Makizin na Mkizin

Hotuba iliyotolewa Minneapolis kwenye mkusanyiko wa Siku ya Kiswahili Duniani

Wazee wetu, shikamooni. Akina mama, akina baba, dada zangu, kaka zangu, na nyinyi vijana mliokaa huko nyuma karibu na mlango, hamjambo.

Kamati iliponipigia simu ilitaka nizungumzie Kiswahili, maana ndiyo siku yake. Nikaomba ruhusa nizungumzie lugha ya jirani. Nawashukuru kwa kunikubalia, kwa sababu jambo hili limenikaa moyoni muda mrefu.

Sisi ni wakazi wa Minnesota. Wengine wana miaka mitano hapa, wengine thelathini, watoto wetu wamezaliwa hapa. Asubuhi na jioni tunavuka mto Mississippi kwenda na kurudi kazini, jina lake tunalitamka hata usingizini, na wala hatujiulizi ni la nani. Ni la Waojibwe, wenyeji wa asili wa huku kaskazini, na lugha yao, Kiojibwe, ndiyo hiyo ya jirani ninayoizungumzia. Misi-ziibi, mto mkubwa. Wafaransa walilisikia huku kaskazini, wakaliandika walivyoweza, likateremka na maji hadi Ghuba ya Mexico, kwenye nchi ambako Kiojibwe hakikusemwa kamwe. Mji huu tuliokusanyika ni ardhi ya Wadakota, na lugha yao ni nyingine kabisa, si ndugu ya Kiojibwe. Lakini ukishika barabara ya kaskazini, kwa mwendo wa saa nne hivi unafika Bemidji, katikati ya maeneo matatu ya Waojibwe: Red Lake, Leech Lake na White Earth.

Mara ya kwanza nilipofika Bemidji niliingia mkahawani kunywa chai, nikaenda kutafuta choo. Mlango mmoja umeandikwa Ikwewag, wa pili Ininiwag. Nikasimama pale kama mgeni kweli kweli, mpaka mzee mmoja aliyekuwa anatoka akanishikia mlango wa Ininiwag, wanaume. Tangu mwaka 2009 wafanyabiashara wa mji ule wamekuwa wakiweka vibao vya namna hiyo: Boozhoo mlangoni, karibu, miigwech kwenye kaunta, asante. Nilirudi mezani nikiwa na maneno manne. Nikataka la tano.

Ndipo nikajiandikisha darasa la jioni, hapa hapa mjini. Na siku ya kwanza tu mwalimu aliandika ubaoni: niwaabamaa. Namwona. Nikauliza, "ni" hapo mwanzo ni nani? Akasema, ni mimi. Ndugu zangu, niliruka kwenye kiti! Ninoondam, nasikia. Ninibaa, nalala. "Ni" ni mimi, kama kwetu. Kuna undugu? Hakuna, imetokea hivyo tu, nawaomba msiende kutunga hadithi kwamba tulitoka pamoja. Lakini sikio la Mswahili linapata pa kushika. Kitenzi chao ni kama chetu, sentensi nzima ndani ya neno moja. Giga-waabamin: gi ni wewe, ga ni wakati ujao, waabam ndiyo kuona, na mkia ule -in unakueleza nani anamwona nani. Nitakuona. Cha ajabu, wewe unatangulia siku zote. Giwaabamin, nakuona. Giwaabam, unaniona. Kote "gi" iko mbele, kana kwamba lugha yenyewe inampisha anayeambiwa kabla ya anayesema.

Na wana ngeli. Si nyingi kama zetu, ni mbili: vyenye uhai na visivyo na uhai. Usidhani utazikisia kwa akili. Jiwe lina uhai. Sufuria ina uhai. Tumbaku ina uhai. Kwa Waojibwe wa Minnesota miskomin, yaani tunda la rasiberi, lina uhai, wingi wake miskominag. Ode'imin, yaani stroberi, halina, wingi wake ode'iminan. Mtu aliyekua na "kiti viti, mti miti" hawezi kushangaa sana.

Sasa niingie kwenye lahaja, ndizo zilizonileta mbele yenu.

Kiojibwe kimetandaa. Kinaanzia Quebec, kinapita Ontario na Manitoba hadi Saskatchewan, na vijiji vichache mbele zaidi hadi Alberta na British Columbia. Upande wa Marekani kipo Michigan, Wisconsin, hapa Minnesota, North Dakota, hadi Montana. Kati ya jirani na jirani wanaelewana bila shida. Ukimchukua mtu wa mwisho wa mashariki ukamkutanisha na wa mwisho wa kaskazini-magharibi, watahangaika. Ni mnyororo, kila pete imeshikana na ya pili yake. Wataalamu wamejaribu kuukata vipande. Mmoja wao, J. Randolph Valentine, alikusanya maneno na maumbo kutoka vijiji vingi, na mwaka 1994 akatoa tasnifu kubwa juu ya jinsi lahaja hizo zinavyohusiana. Moja ya aliyoyaonyesha ni kwamba lahaja ya Severn kule kaskazini ya mbali ya Ontario na Kialgonkini cha Quebec, zilizoachana kwa mamia ya kilomita, zina mengi ya pamoja kuliko ramani inavyokudanganya.

Majina yenyewe yanachanganya. Wanaoitwa Chippewa na wanaoitwa Ojibwe ni watu hao hao na neno ni hilo hilo. Moja limeangusha "o" ya mwanzo. Huku Marekani mikataba ya serikali iliandika Chippewa, Kanada wakaandika Ojibway, na watu wakadhani ni makabila mawili. Wao wenyewe wanajiita Anishinaabe. Quebec wanaandika Anicinabe, ile "c" ikisomwa "sh". Kaskazini ya Ontario utasikia Anishinini. Kule magharibi kwenye mbuga lugha inaitwa Nakawemowin. Wafaransa waliwaita watu hao Saulteaux, watu wa maporomoko, kwa kuwa walikutana nao Sault Ste. Marie kabla hawajasogea magharibi wakati wa biashara ya manyoya. Na kwenye kisiwa cha Manitoulin, ndani ya Ziwa Huron, ambako Waodawa na Waojibwe wameishi pamoja, Anishinaabe anakuwa Nishnaabe.

Sikilizeni hilo la mwisho. Nishnaabe. "A" ya mwanzo imekwenda, na "i" ya katikati imekwenda. Hapo ndipo nitakapokaa kidogo, maana ndipo penye utamu.

Chukueni kiatu kimoja, kile cha ngozi laini. Minnesota kinaitwa makizin. Kaskazini, kwa wale wa Severn, ni mahkisin, kuna pumzi inapita kooni kabla ya "k", kama mtu anayepuliza kioo. Manitoulin ni mkizin. Unaweza kusema basi, watu wa Manitoulin wana haraka, wamekata neno. Sivyo. Wana hesabu. Unahesabu silabi mbili mbili tangu mwanzo wa neno: ya kwanza nyepesi, ya pili nzito. Irabu fupi ikiangukia kwenye nyepesi inamezwa. Irabu ndefu haimezwi, na silabi ya mwisho haiguswi. Ma-ki-zin: "ma" ni nyepesi, inabaki "m" tupu. Mkizin. Sasa sema kiatu changu. Minnesota ni nimakizin, hakuna tabu. Manitoulin hesabu inaanza upya: ni-ma-ki-zin. Safari hii nyepesi ni "ni" na "ki". Inatoka nmakzin. Mmeona? Ile "a" iliyokuwa imepotea kwenye mkizin imerudi, na "i" iliyokuwepo ndiyo imepotea. Niwaabamaa ya Minnesota inakuwa nwaabmaa. Mtoto wa miaka mitatu pale kisiwani aliyelelewa na bibi yake alikuwa anafanya hesabu hiyo bila kufundishwa na mtu. Maandishi ya Kiodawa, ndiyo lahaja hiyo ya Manitoulin, ya karne ya 19 bado yana irabu nyingi ambazo leo hazisikiki, kwa hiyo ni mabadiliko ambayo yana umri wa babu na mababu, si ya juzi. Na kwa kuwa maneno yamekuwa yakibadilika sura namna hiyo, wasemaji wamejitengenezea viambishi vipya vya "mimi", kama nda- na ndi-, ili shina la neno lipate kutulia. Lugha inajirekebisha yenyewe.

Kuna kindi mdogo hapa kwetu, mnamwona anakimbia kwenye uzio, mwekundu. Waojibwe wa Minnesota wanamwita ajidamoo. Hesabuni: a-ji-da-moo. Manitoulin ni jidmoonh. Inasemekana Waingereza walilichukua umbo hilo lililomezwa irabu, wakalipa binamu yake mwenye mistari mgongoni, wakamwita chipmunk. Kwa hiyo kila anayesema neno hilo la Kiingereza anabeba mdomoni lahaja ya Odawa.

Tofauti nyingine si za kumeza irabu, ni maneno tofauti kabisa. "Huyu" Minnesota ni wa'aw, Manitoulin ni maaba. "Hiki" ni o'ow, kule ni maanda. "Nani" awenen, kule wenesh. "Wapi" aandi, kule aanpii. Salamu ya Minnesota ni boozhoo au aaniin, ya Manitoulin aanii, na Waalgonkini wa Quebec watakwambia kwey. Wapo wanaosema boozhoo ni ile bonjour ya Wafaransa, na wapo wazee wanaosema la hasha, ni jina la Wenabozho, yule shujaa wa hadithi zao, limefupishwa. Mimi siingilii.

Kuna tofauti moja ya sarufi ambayo nyinyi mtaielewa haraka kuliko wanafunzi wengine wote. Bimose ni kutembea. Kusema "atembeaye", lahaja za kusini zinabadilisha irabu ya kwanza ya kitenzi chenyewe: bemosed. Lahaja za kaskazini zinakiacha kitenzi kama kilivyo na kuweka kitu mbele: gaa-bimosed. Je, hiyo si "atembeaye" na "ambaye anatembea"? Kwetu zote mbili zimo kwenye lugha moja na hakuna anayegombana. Kwao ni alama ya mtu anatoka wapi.

Kugombana, ndiko ninakoelekea.

Darasa letu lilikuwa na watu kumi na wawili. Mwalimu alikuwa bibi wa makamo ya shangazi yangu, mzaliwa wa White Earth, anakuja na chupa ya chai na chupa ya kahawa. Kahawa kwa lugha yake ni makade-mashkikiwaaboo, maji ya dawa nyeusi; chai ni aniibiishaaboo, maji ya majani. Alikuwa anatutamkisha hayo mpaka tukiweza ndipo anatumiminia. Wanafunzi wengi walikuwa Waojibwe wa mjini, wazazi wao walihamia huku maeneo ya Franklin Avenue, lugha ikabaki kijijini. Msilaumu wazazi hao. Wengi walitoka kwenye shule za bweni za serikali na za kanisa, Marekani na Kanada, ambako mtoto alichapwa kwa kusema lugha ya mama yake. Aliyechapwa kwa neno halirithishi kwa urahisi.

Kulikuwa na kijana mmoja, bibi yake alitoka Manitoulin. Huyu alikuja darasani na kitu ambacho sisi wengine wote hatukuwa nacho: maneno yaliyotoka kwenye mdomo wa bibi yake, sio kwenye kitabu. Akasema mkizin. Mwenzake akamsahihisha: makizin. Akasema aanii, akaambiwa umesahau "n". Akasema niinwi, yaani sisi, akaambiwa ni niinawind. Mwalimu siku hiyo alikuwa ametoka kupokea simu. Aliporudi, kijana alikuwa amekunja daftari. Wiki iliyofuata hakuja. Wala iliyofuata. Mwalimu alipojua kilichotokea alikaa kimya muda mrefu, kisha akatuambia kwamba katika chumba kile ni watu wawili tu waliowahi kulazwa usingizi kwa lugha hii, na mmoja wao tumemfukuza.

Sijawahi kusahau. Na sijawahi kusahau kwa sababu nilimcheka pia, kimoyomoyo, mimi niliyekuwa na maneno mia mbili ya kuazima.

Nikarudi nyumbani nikakumbuka ukumbi huu huu, mwaka uliopita. Kaka yetu kutoka Bukavu alisimama pale kutoa shukrani, akasema "ule mutu muzuri sana", na sisi tukaangua kicheko. Mutu! Hebu tulitazame neno hilo kwa jicho la Manitoulin. Nani kameza irabu hapo? Ni sisi wa pwani. Mu- ya mutu, ya muti, ya muzuri, ndiyo ya zamani, Wabantu wengi wanayo mpaka leo. Sisi tulimeza "u" tukabaki na "m" tupu, kama Waodawa walivyobaki na mkizin. Aliyetunza umbo la kale ni yule tuliyemcheka. Na hakuna mwenye kosa, si aliyetunza wala aliyemeza.

Najua mtaniuliza, na mzee wangu pale mbele nilimwona akitikisa kichwa: mbona wasichague lahaja moja waifanye sanifu, kama sisi? Kwetu mwaka 1928 walikaa Mombasa wakachagua Kiunguja, na mwaka 1930 kamati ya lugha ikaanza kazi. Leo kitabu cha Dar es Salaam kinasomwa Nairobi. Ni kweli, na tumefaidika. Lakini aliyechaguliwa na aliyeachwa hawakumbuki siku hiyo kwa namna moja. Waulizeni watu wa Mombasa yenyewe, watu wa Lamu na watu wa Pemba. Kisha sisi tulikuwa wengi, lugha yenyewe ilikuwa inapanuka. Mtu mwenye lita elfu za maji anaweza kumwaga kidogo. Kiojibwe hapa Minnesota kina wazee wachache waliokizaliwa nacho, na ukichagua kijiji kimoja unawaambia wazee wa vijiji vingine kwamba walichonacho hakihitajiki.

Walichofanya wengi wao mimi nakiona ni cha busara: wamekaribiana kwenye maandishi, wakaacha midomo huru. Miaka ya 1950 Charles Fiero alitengeneza mwandiko ambao irabu ndefu inaandikwa mara mbili, aa, ii, oo, na fupi mara moja. Umeenea sana, ndio uliopo kwenye vibao vya Bemidji. Kwa mwandiko huo mtu wa Minnesota anaandika makizin, wa Manitoulin anaandika mkizin, na kila mmoja anausoma wa mwenzake. Si wote waliouchukua. Kule Sandy Lake na Big Trout Lake, Ontario ya kaskazini, wanaandika kwa alama za silabi zilizotolewa mwaka 1840 na mmisionari James Evans huko Norway House. Hizo ni za kupendeza kuzitazama: pembe iliyo wazi kama herufi V, ncha ikielekea chini ni "pe", juu ni "pi", kulia ni "po", kushoto ni "pa". Umbo linakupa konsonanti, mwelekeo unakupa irabu. Huko ndiko pia lugha imechanganyika na Kikri cha majirani, mpaka wengine wanaiita Oji-Cree, na huko bado unaweza kusikia watoto wakigombania mpira kwa lugha yao.

Wenye simu, mkifika nyumbani itafuteni kamusi ya mtandaoni ya Kiojibwe iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Minnesota. Bonyezeni neno, mtasikia sauti za wazee, na pembeni ya kila sauti pana herufi za jina la msemaji. Hakuna sauti inayoitwa sahihi. Neno moja unaweza kulisikia kwa midomo miwili, mmoja unavuta, mwingine unakata. Na kule Hayward, Wisconsin, ipo shule iitwayo Waadookodaading, maana yake mahali watu wanaposaidiana, ambako watoto wanasoma hesabu na sayansi kwa Kiojibwe kuanzia asubuhi. Wakikosa neno la kitu kipya, wanauliza wazee, na wazee wanajadiliana. Natamani ningeyasikia majadiliano hayo.

Yule kijana wa Manitoulin, mwalimu alimfuata mpaka nyumbani. Sijui walizungumza nini. Alirudi baada ya mwezi na nusu na daftari lile lile, akakaa mbele. Siku hiyo mwalimu alichora ubao mstari katikati. Kushoto akaandika kwa chaki maneno yake ya White Earth, kisha akampa kijana chaki, akamwambia upande wa kulia ni wa bibi yako. Tulinakili pande zote mbili. Daftari langu ninalo, nimelileta, limekaa pale mezani karibu na mandazi. Atakaye aje atazame.

Nimemaliza muda wangu. Waojibwe wa Minnesota wakiagana hawana neno la kwaheri, wanasema nitakuona, na mkiwa wengi kama hivi wanasema giga-waabamininim, nitawaona. Upande wa kulia wa ubao, kijana aliandika baamaapii. Baadaye.

Giga-waabamininim. Baamaapii.